Polisi wakikuhoji Tanga: ujibu papo hapo, unyamaze, au umsubiri ndugu yako?

Watu wawili wa mtaa mmoja hapa Ngamiani waliitwa polisi ndani ya mwezi mmoja. Wa kwanza ni mdogo wangu, fundi baiskeli. Alinunua fremu kuukuu kwa kijana asiyemfahamu, akaipaka rangi, akaiuza. Alipoulizwa alijibu kila kitu kwa moyo mweupe, mpaka na neno ambalo hakuna aliyemuuliza: "Hata mimi nilishangaa bei ilivyokuwa ndogo." Wa pili ni jirani yetu, muuza simu za mtumba. Huyu filamu za Kimarekani zilishamfundisha kwamba ukikamatwa hufungui mdomo, naye hakuufungua. Risiti ya simu iliyomponza ilikuwa dukani kwake, kwenye droo, na aliyemuuzia ana kibanda hatua chache tu kutoka hapo. Alikamatwa Ijumaa jioni. Risiti ilifika kwa mpelelezi Jumatatu.

Mmoja alisema mno, mwingine hakusema kabisa, na wote wawili walilala mahabusu. Tangu hapo kila anayekuja barazani kwangu ananiuliza swali lile lile: dada, hivi nikiitwa nijibu au ninyamaze? Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na ninachokieleza hapa ni sheria ya Tanzania Bara. Kwa ndugu zetu wa Pemba na Unguja, Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai, ya mwaka 2018. Jibu langu ni kwamba njia zipo tatu, siyo mbili, na ile ya tatu watu wengi huiacha wakidhani ni ya wenye fedha.

Kwanza ujue umeitwa kama nani

Kabla hujachagua, uliza: "Afande, nimeitwa kama shahidi au kama mtuhumiwa?" Swali hili si ufidhuli. Uliulize kwa adabu, baada ya shikamoo, lakini uliulize.

Ukiwa shahidi, mpelelezi anakutaka kwa sababu yawezekana unalijua jambo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa uwezo wa kukuita kwa maandishi, na ukiitwa hivyo unapaswa kwenda. Anakuhoji, anaandika, anakusomea, unarekebisha au kuongeza unachotaka, kisha unasaini chini ya mstari wa mwisho. Kwa shahidi sioni faida ya kunyamaza. Mtu kaibiwa au kaumizwa, wewe uliona, sema ulichokiona. Ila sikiliza maswali yanavyokwenda. Yakianza kuhama kutoka "uliona nini" kwenda "wewe ulifanya nini", simama hapo uulize tena kama bado wewe ni shahidi. Mdogo wangu aliitwa kwa simu "aje atoe maelezo tu". Aliingia akiwa shahidi, na saa ya kutoka ilipofika ndipo akaambiwa avue mkanda na viatu.

Ukiwa mtuhumiwa uliyezuiliwa, mambo hubadilika. Kifungu ambacho mawakili wamekijua kwa miaka mingi kwa namba 53 kinamkataza askari kukuuliza lolote la upelelezi kabla hajatimiza mambo kadhaa: akutajie jina lake na cheo chake, akueleze kwa lugha unayoifahamu vizuri kwamba uko chini ya ulinzi na kwa kosa gani, kisha akuonye. Onyo lenyewe lina vipande viwili. Cha kwanza, hulazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina lako na mahali unapoishi. Cha pili, unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ndiyo maana karatasi itakayotoka hapo huitwa maelezo ya onyo.

Kisome tena kile kipande cha pili. Sheria imemtaja wakili, ikamtaja na ndugu, ikamtaja na rafiki. Haikusema wakili peke yake.

Njia ya kwanza: kujibu yote papo hapo

Uzuri wake ni wa kweli, na sitaki kuudharau. Jambo likiwa dogo na ushahidi wako uko karibu, kusema mapema kunaweza kukutoa siku hiyo hiyo. Jirani yetu angesema tu, "Afande, risiti iko dukani, aliyeniuzia ni yule pale," huenda Jumamosi ile angeshinda kwake.

Mfano mkubwa zaidi ni wa mtu ambaye hakuwepo. Tuseme mvuvi wa Deep Sea anatuhumiwa kuvunja nyumba usiku ambao alikuwa baharini, na nahodha na wenzake chomboni wote wanajua. Huyu ana neno la kusema, na linafaa kusemwa mapema. Sheria inamtaka mshtakiwa anayetegemea utetezi wa kutokuwepo kwenye tukio atoe taarifa kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, au angalau atoe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wao. Akichelewa, mahakama ina hiari ya kutoupa utetezi huo uzito wowote. Hiyo ni mahakamani, wala polisi hawezi kumlazimisha kusema. Lakini fikiria kwa akili ya kawaida: wenzake bado wako mjini, kumbukumbu bado mbichi, na mpelelezi anaweza kuwapigia leo. Ya nini kungoja miezi sita?

Hasara ya njia hii ni kwamba hujui ni neno gani linalokutia hatiani. Kosa la kupokea mali ya wizi halisimami kwa sababu tu mali imekutwa kwako. Linasimama kwa kuonyesha kwamba ulijua, au ulikuwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa. Mdogo wangu aliposema bei ilimshangaza, alidhani anaonyesha kwamba hana la kuficha, kumbe alikuwa anawapa kile kipande cha kosa walichokikosa. Na kwenye karatasi mshangao ule uliandikwa kwa maneno mengine: "nilijua bei si ya halali". Alisaini. Alikuwa na njaa, giza limeingia, na aliambiwa akisaini mambo yataisha.

Maelezo ya namna hiyo yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba shahidi bora kuliko wote ni mshtakiwa anayekiri mwenyewe. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu ungamo lililotolewa kwa hiari mbele ya polisi litumike dhidi yako. Ni kweli kwamba mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uko kwa upande wa mashtaka. Lakini ukitaka kuyakana maelezo, pingamizi lako lazima litolewe pale yanapoombwa kupokelewa, kabla mahakama haijayapokea kama kielelezo. Mtu asiye na wakili huikosa dakika ile; anangoja zamu yake ya kujitetea, na wakati huo karatasi imeshaingia.

Njia ya pili: kunyamaza kabisa

Faida yake ni nyepesi kueleza. Neno ambalo hukulisema haliwezi kuandikwa vibaya. Kunyamaza polisi si kosa, lakini kusema uongo kunaweza kuwa kosa, maana Kanuni ya Adhabu inamwadhibu anayempa mtumishi wa umma taarifa anayojua ni ya uongo. Kwa hiyo aliyebanwa kati ya kudanganya na kunyamaza, anyamaze. Hapo sina shaka hata chembe.

Naishauri pia pale tuhuma inapokuwa nzito, kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya au makosa ya kingono. Katika mambo hayo neno moja hubeba miaka mingi ya maisha, na hakuna ndugu wa kukaa pembeni anayeweza kuchukua nafasi ya wakili. Taja jina na anwani, sema unamsubiri wakili, kisha nyamaza kwelikweli. Ukijibu matatu ukakataa la nne, yale matatu yameshaandikwa.

Hasara yake niliiona kwa jirani. Ukimya hauleti risiti kutoka kwenye droo. Mpelelezi asiye na la kufuatilia hana haraka, na mwisho wa juma mahakama hazikai. Sheria inataka uliyekamatwa bila hati ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 ikiwezekana, au mapema kadiri iwezekanavyo, na kwa makosa yenye dhamana mkuu wa kituo anaweza kukupa dhamana ya polisi. Hata hivyo anayekataa kusema lolote, hata mahali anapoishi, anajifungia mlango huo mwenyewe, maana nani atamwachia mtu asiyejulikana anakaa wapi? Jina na anwani si za kufichwa. Kwa dereva wa bodaboda au gari ongeza leseni, kwa kuwa sheria ya usalama barabarani inakutaka uionyeshe.

Kuna na kosa la kuchanganya ukimya wa kituoni na ukimya wa kizimbani. Polisi, kunyamaza ni haki yako. Mahakamani nako unaweza kuchagua kutojitetea, lakini kifungu kinachojulikana kwa namba 231 kinairuhusu mahakama ya chini ichukue ukimya huo kama dalili dhidi yako, na upande wa mashtaka unaruhusiwa kuutaja. Nimemwona kijana aliyenyamaza vizuri kituoni, kisha akanyamaza na kizimbani akidhani ni kinga ile ile.

Nazo zile filamu zinazungumzia kwingine. Onyo lao linatokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1966. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1994, mahakama inaweza kukuwekea alama mbaya ukinyamaza polisi kisha ukaibuka na jambo jipya mahakamani. Linalotuhusu zaidi sisi wa Tanga ni Kenya, maana ukivuka Horohoro ukaingia Lunga Lunga umebadilisha sheria bila kubadilisha lugha. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 49, imeitaja haki ya kunyamaza waziwazi, na ungamo halipokelewi kirahisi mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo cha juu ambaye siye anayeipeleleza kesi, tena akiwepo mtu uliyemchagua wewe. Katiba yetu ya 1977 ina dhana ya kutokuwa na hatia katika ibara ya 13, ila kinga ya ukimya kituoni utaikuta kwenye Sura ya 20. Anayefanya biashara Mombasa asidhani aliyoyasikia huko ndiyo ya hapa.

Njia ya tatu: kumsubiri mtu wako, kisha kutoa maelezo

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mambo mengi ya mtaani: ugomvi, wizi mdogo, mali iliyokutwa kwako, deni lililogeuzwa kesi. Maneno ya kusema ni machache: "Afande, naitwa fulani, nakaa Barabara ya 14. Sikatai kutoa maelezo. Naomba kwanza kaka yangu afike." Kwa kusema hivyo hujamkatalia mtu kazi yake, na askari mwenye busara analipokea ombi hilo vizuri kuliko mdomo uliofungwa.

Ndugu anayekuja hajibu kwa niaba yako. Kazi yake ni kusikia, kukumbuka saa, na kusoma karatasi kabla hujasaini. Mchague anayesoma vizuri na asiyepandisha hasira. Shangazi mtulivu anafaa kuliko kaka mbishi.

Njia hii ina gharama zake. Kwanza ni muda. Muda wa msingi wa kukuhoji ukiwa chini ya ulinzi ni saa 4 tangu ulipozuiliwa. Msimamizi wa upelelezi anaweza kuuongeza kwa saa zisizozidi 8, na zaidi ya hapo ni mpaka hakimu aombwe. Ila muda wa kusafirishwa kwenda kituoni hauhesabiwi, wala muda ambao mahojiano yamesimama ili umpate wakili au ndugu. Kwa hiyo ukimwita mtu wa Ngamiani, vizuri. Ukimwita wa Lushoto, jua unangoja na saa yako imesimama.

Gharama ya pili ni kwamba ombi linaweza kukataliwa. Askari anaruhusiwa kukuzuia kuwasiliana na ndugu au rafiki endapo ana sababu za msingi za kuamini kwamba mwenzako atatoroka au ushahidi utapotezwa. Likikataliwa, omba iandikwe kwenye maelezo kwamba uliomba. Ikishindikana hilo nalo, rudi kwenye njia ya pili, ukae na jina na anwani tu.

Kuhusu saa, hapa natilia mkazo kwa sababu watu huliona dogo. Polisi huandika saa kwa tarakimu nne, na saa 3 asubuhi yetu kwao ni 0900. Angalia saa ya kukamatwa na saa ya kuanza maelezo. Mara nyingi Mahakama ya Rufani imeyaondoa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali, na imewahi kusema kwamba kumweka mtu mikononi mwa polisi kupita muda uliowekwa ni mateso, ya akili au ya namna nyingine. Si kila kuchelewa kunaifuta karatasi, lakini bila kumbukumbu ya saa hata hoja yenyewe huna. Ndugu aliyekuja na kalamu ndiye anayekumbuka.

Kama unaandika vizuri, unaweza pia kuomba uandike maelezo yako kwa mkono wako. Sheria inaliruhusu hilo. Mimi nalipenda kwa mtu aliyetulia, ambaye jambo lake ni fupi, na ambaye tayari ana mtu pembeni. Kwa aliyechoka na kuogopa silipendi, maana ataandika kurasa tatu za kujieleza pale palipotosha mistari sita.

Masikio mengine yanayosikiliza

Mengi hayasemwi kituoni, yanasemwa njiani. Kabla ya polisi, kwetu mtu hukamatwa kwanza na sungusungu, au hupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata. Pale hakuna onyo, na mtu huungama mbele ya kundi ili asipigwe au ili yaishe kienyeji. Mahakama zetu zinalikubali ungamo la mdomo mbele ya raia, kama waliolisikia wanaaminika na aliyelitoa alikuwa huru. Kwa hiyo kunyamaza kwako kituoni hakufuti uliyoyasema kwa mwenyekiti. Huko omba usalama, omba upelekwe polisi, na kisa chako ukiweke.

Na ukipelekwa kuandikisha ungamo kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, usimwone kama askari mwingine. Mwongozo wake unamtaka akuulize ulikamatwa lini na wapi, ulilala wapi, kama umetishwa, umeahidiwa kitu au umepigwa, na kama kweli unataka kusema kwa hiari yako. Aliyepigwa aseme hapo, aonyeshe na majeraha, na aombe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwe. Asiyetaka kusema ana uhuru wa kukataa hapo pia. Nimesikitika mara nyingi kwa watu waliopita mbele ya mlinzi wa amani wakajibu "sijapigwa" kwa kuogopa askari aliyebaki nje ya mlango, kisha miezi baadaye wanataka kuaminiwa.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 sina la kulinganisha. Asihojiwe mpaka mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii awepo, na mzazi usikubali kuambiwa usubiri kaunta.

Hivyo uchague lipi?

Umeitwa kama shahidi: jibu. Tuhuma ni nzito au kichwa hakijatulia: jina, anwani, kisha kimya mpaka wakili. Uthibitisho uko karibu na jambo ni dogo: utaje uthibitisho huo, nao peke yake, huku ukimwita mtu wako. Kwa mengine yote, njia ya tatu. Msaada haujafungwa kwa wenye fedha: tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 sisi wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa rasmi. Hatuwezi kukusimamia mahakamani, lakini kituoni tunafika, na tunajua mawakili wa kuwapigia.

Kesi ya mdogo wangu ilichukua miezi minane, na iliisha kwa sababu mwenye baiskeli alishindwa kuitambua fremu yake. Mwaka uliofuata aliitwa tena, safari hii kwa gurudumu la nyuma. Alinipigia akiwa bado barabarani. Nilipanda bajaji, nikakaa kwenye benchi saa moja na dakika arobaini, kisha tukaingia pamoja. Mpelelezi hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Alimaliza kuandika akatusomea, nami nikamwomba karatasi niipitie. Katika mstari wa nane palikuwa na "nilijua". Mdogo wangu alikuwa amesema "niliuliza". Nikaonyesha kwa kidole. Afande akakata neno kwa mstari mmoja, akaandika la sahihi juu yake, mdogo wangu akaweka saini ndogo pembeni ya masahihisho, kisha saini kubwa chini. Magharibi ilipoadhiniwa tulikuwa tumeshafika nyumbani.